Mbona surua humjia mtu mara moja, na mafua hayachoki kurudi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Daktari, pole na kazi. Mama yangu aliugua surua akiwa mdogo, sasa amepita miaka sitini na haijawahi kumrudia. Mimi mafua yananishika mara mbili au tatu kila mwaka, na kila yakija nalala siku mbili nzima. Je, kinga yangu ni dhaifu? Nimeshauriwa ninunue vidonge vya kuongeza kinga. Jambo la pili ni mwanangu. Ana mwaka mmoja na miezi mitano, chanjo ya kwanza ya surua alipata, ya pili bado. Jirani ananiambia nisihangaike nayo, mtoto akiugua surua yenyewe atapata kinga ya maisha kama bibi yake. Nifuate lipi?"

Dada yangu, nianze na majibu, maelezo yafuate. Katika uliyonieleza sioni dalili yoyote ya kinga dhaifu. Mtu mzima mwenye afya njema kushikwa na mafua mara mbili au tatu kwa mwaka ni jambo la kawaida kabisa, na watoto wadogo hushikwa mara nyingi zaidi ya hapo. Vidonge usinunue. Mtoto mpeleke akamalizie chanjo, tena mapema.

Jirani yako naamini anakutakia mema, na maneno yake yana nusu ya ukweli: ni kweli aliyepona surua haugui tena. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu, maana watu wengi hawajawahi kuisikia. Surua ikipita mwilini, inaondoka na kumbukumbu ambayo kinga ya mtoto ilikuwa imeijenga dhidi ya magonjwa mengine. Ili jambo hilo likuingie akilini, itabidi kwanza tuone kinga inavyofanya kazi, na kumbukumbu hiyo ni kitu gani hasa.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu amekipata: mwiba wa kidoleni. Umeuvuta, umetoka, lakini ncha imebaki ndani. Baada ya muda mfupi mahali pale pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba, na panapwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Kesho yake pana kidoa cha njano, na ukikiminya unatoka usaha. Karibu yote hayo yamefanywa na mwili wako mwenyewe. Chini ya ngozi huishi seli walaji ziitwazo makrofaji, zimetulia humo miaka yote zikisubiri. Zikigusa bakteria walioingia na mwiba, zinamwaga kemikali zinazopanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje. Damu nyingi ikija, pale panakuwa pekundu na pa moto. Majimaji yakivuja, panavimba. Kupitia kuta hizo zilizolegea zinapenya seli nyeupe nyingine, nyutrofili, ambazo uboho wa mifupa yako hutengeneza mabilioni kwa mabilioni kila siku. Zinameza bakteria, zinawaua, na zenyewe zinakufa papo hapo. Usaha ule wa njano, sehemu yake kubwa ni maiti za seli hizo.

Aliyeona jambo hili kwa mara ya kwanza na kulielewa alikuwa Ilya Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama kutoka Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake ni angavu kama kioo, akavichoma miiba ya waridi. Asubuhi yake alipotazama kwa hadubini akakuta seli zimeuzunguka mwiba pande zote. Wazo hilo lilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich. Mimi hupenda kuwasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi kinga hii ilivyo ya kale: hata kiumbe kisicho na mifupa wala damu kama yetu kinayo.

Kinga hiyo ya kwanza tunazaliwa nayo. Ngozi ni sehemu yake, machozi pia, kamasi pia, na vinyweleo vidogo mno ndani ya njia ya hewa vinavyosukuma ute kuelekea kooni usiku na mchana. Kirusi kikiingia ndani ya seli, seli hiyo hutoa protini iitwayo interferoni, ambayo ni onyo kwa seli jirani kwamba zifunge milango. Ubongo nao hupandisha joto la mwili, na hapo ndipo unapoona homa.

Ubora wa kinga hii ni kwamba haingoji. Upungufu wake ni kwamba haimtambui mgeni kwa jina. Inatambua tu kwamba huyu ni wa jamii ya bakteria, huyu ni wa jamii ya virusi. Mwiba wa kumi ukikuchoma, kidole kitavimba karibu vilevile kilivyovimba kwa mwiba wa kwanza.

Wanaotambua kwa jina wako kwingine. Bila shaka umewahi kuona mtoto mwenye koo bovu akivimba tezi chini ya taya, ukizigusa zinateleza kama punje chini ya vidole. Wazazi wengi huogopa wakiziona. Mara nyingi tezi hizo zimevimba kwa sababu ndani yake kuna kazi. Kutoka kooni, seli zenye matawi kama mti zimeokota vipande vya mdudu aliyeingia, zikasafiri navyo kwenye mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, na huko zinavionyesha kwa seli nyeupe za aina mbili, seli T na seli B, moja baada ya nyingine, zikitafuta ile inayomfahamu.

Hapa ndipo pana jambo ambalo, baada ya miaka yote hii, bado linanistaajabisha. Mwili haungoji ugonjwa uje ndipo utengeneze seli ya kuutambua. Kila seli B na kila seli T huzaliwa ikiwa na kipokezi chake cha pekee, kilichopatikana kwa kuchanganya vipande vya jeni kama karata zinavyochanganywa. Mjapani Susumu Tonegawa ndiye aliyeonyesha jinsi seli B zinavyofanya hivyo, akapata Nobel mwaka 1987. Kwa hiyo wakati wowote unazo mwilini seli zenye mamilioni kwa mamilioni ya maumbo tofauti, nyingi zikiwa hazina kazi, zikizunguka tu. Miongoni mwao yumkini zipo chache zinazoweza kukamata kirusi ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Seli T zinazoelekea kushambulia mwili wenyewe hukaguliwa mapema katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, na zilizo nyingi kabisa huangamizwa humo kabla hazijatoka.

Tatizo ni kwamba seli inayofaa ikishapatikana, iko peke yake au na wenzake wachache tu. Lazima igawanyike ziwe mbili, nne, nane, hadi maelfu. Ndiyo maana tezi huvimba. Baadhi ya seli B hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili, yaani zile protini zinazomng'ang'ania mdudu na kumzuia asiingie kwenye seli, na kiwanda kimoja huweza kutoa maelfu ya kingamwili kwa kila sekunde. Baadhi ya seli T huenda kuua seli zilizokwisha kuambukizwa. Lakini hadi kazi hiyo ipambe moto, juma moja limekatika, pengine zaidi. Katika juma hilo ndipo mtu anapougua, na ndipo wengine wanapokufa.

Ugonjwa ukiisha, seli nyingi kati ya zile hufa kwa sababu hazihitajiki tena. Chache hubaki. Nyingine hukaa ndani ya uboho zikiendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa miaka mingi, nyingine huzunguka kimya. Hizo ndizo kumbukumbu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mdudu yule akirudi, seli hizi hazianzi moja. Ziko nyingi kuliko mara ya kwanza, ziko macho, na kingamwili zake zimeshanolewa zikamfaa zaidi. Ndani ya siku tatu hadi tano zimeshafurika.

Kumbukumbu hiyo hudumu muda gani? Kwa surua tuna ushahidi wa tangu zamani. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana kwa miaka 65. Serikali ya Denmark ilimtuma huko daktari kijana, Peter Panum. Kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua ndani ya miezi michache. Panum alipita kijiji kwa kijiji akiuliza nani ameugua, lini, na alikutana na nani kabla. Akakuta kwamba wazee waliougua surua ile ya mwaka 1781, hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Lakini wazee ambao mwaka ule iliwapita bila kuwagusa, safari hii waliugua kama watoto. Mama yako ni wa kundi lile la kwanza.

Panum aliona jambo jingine, na hilo ndilo jibu la swali lako la mafua. Alihesabu siku, akagundua kwamba upele wa surua hutokea siku ya 13 au 14 hivi baada ya mtu kuambukizwa. Siku hizo zote kirusi kinafanya nini? Kinasafiri. Kinaingia kwa pumzi, kinabebwa na seli za kinga zenyewe hadi kwenye tezi, kinazaana humo, kinaingia kwenye damu, kinasambaa mwili mzima hadi kwenye ngozi, kisha kinarudi kwenye njia ya hewa ili kitoke kwa kikohozi kikamtafute mwingine. Ni safari ya wiki mbili. Kumbukumbu inahitaji siku tatu hadi tano kuamka sawasawa, na hata kabla haijaamka kuna kingamwili kwenye damu zinazokisubiri njiani. Kwa aliyewahi kuugua, surua haifiki mbali. Inakamatwa bila mwenyewe kujua.

Mafua hayana safari. Virusi vyake huingia puani au kooni na huzaana papo hapo, kwenye utando uleule wa mlangoni. Mafua ya kawaida huanza kuonekana baada ya siku moja hadi tatu, homa ya mafua, yaani influenza, baada ya siku mbili hivi. Kumbukumbu inapojifunga mkanda, wewe umekwisha kuanza kupiga chafya. Kingamwili zinazokaa kwenye ute wa pua zingeweza kukizuia kirusi pale pale, lakini hizo hupungua ndani ya miezi, tofauti na zile za kwenye damu.

Halafu kuna suala la sura. Tunaposema "mafua" tunadhani ni ugonjwa mmoja. Virusi vya jamii ya raino, ambavyo ndivyo vinavyoleta mafua mengi ya kawaida, viko aina zaidi ya 160, na kinga ya aina moja haisaidii sana dhidi ya nyingine. Ongeza virusi vya jamii nyingine vinavyoleta pua kutiririka, utaona kwamba mtu anaweza kuugua mafua maisha yake yote na kila mara akawa amekutana na mgeni. Kirusi cha homa ya mafua nacho hubadilisha protini zake za nje kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, ndiyo maana chanjo yake hutengenezwa upya kila msimu. Surua haiwezi hila hiyo. Protini zake za nje zimefungamana mno na kazi ya kuingia kwenye seli, na zikibadilika sana kirusi chenyewe kinashindwa kuingia. Chanjo nyingi za surua tunazotumia leo zimetokana na kirusi kilichochukuliwa mwaka 1954 kutoka kwa mvulana mmoja wa shule iliyo karibu na Boston, Marekani, na bado zinakinga dhidi ya surua iliyopo sasa popote duniani.

Kwa hiyo mama yako na wewe hamtofautiani kwa nguvu za kinga. Yeye alikutana na kirusi kisichobadilika, chenye safari ndefu. Wewe unakutana na virusi vingi vyenye sura nyingi, vinavyomaliza kazi yake mlangoni. Na mafua yale yanapokulaza siku mbili kisha ukaamka, kinga yako imefanya kazi yake.

Sasa jirani. Nakuomba usome sehemu hii taratibu.

Ili kirusi kiingie kwenye seli, lazima seli iwe na protini fulani juu yake ambayo kirusi kinaweza kuishika. Protini ambayo surua huishika kwanza huitwa CD150, na inapatikana juu ya seli za kinga. Zilizo nayo kwa wingi ni zile zile seli za kumbukumbu. Surua inapofanya safari yake ya wiki mbili, inasafiri ndani ya seli zinazokumbuka magonjwa aliyowahi kukutana nayo mtoto. Inazaana ndani yake. Kisha seli T za mtoto zinaamka na kuanza kuua kila seli iliyoambukizwa, na hizo zinazouawa ni pamoja na seli za kumbukumbu. Upele unaouona nje ni mapambano hayo yakifanyika kwenye ngozi. Ndiyo maana mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa mfano kwa VVU au kwa utapiamlo mkali, anaweza kuugua surua mbaya bila upele kutokea vizuri. Hali hiyo hutupotosha sisi madaktari, na ni ya hatari kuliko upele uliojaa mwili mzima.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto huko Vienna, aliandika kwamba watoto waliojulikana kuwa na maambukizi ya kifua kikuu, ambao ngozi yao huvimba wakipimwa kwa tuberkulini, wakipata surua ngozi haivimbi tena kwa muda. Kinga ilikuwa kama imemsahau mdudu iliyemjua jana. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni usahaulifu wa wiki chache tu, kwa sababu ukimpima mtoto aliyepona surua, idadi ya seli nyeupe hurudi kuwa ya kawaida upesi. Lakini idadi inadanganya. Seli mpya zilizojaza nafasi, nyingi zinaitambua surua tu. Ni kama daftari lililochanwa kurasa kisha likaongezwa karatasi tupu: unene ni uleule, maandishi hayapo.

Mwaka 2015 watafiti walipitia takwimu za vifo vya watoto za miaka mingi kutoka Uingereza, Denmark na Marekani, wakaona kwamba baada ya mlipuko wa surua, vifo vya watoto kutokana na magonjwa mengine ya kuambukiza hubaki juu kwa takriban miaka miwili hadi mitatu. Mwaka 2019 ukaja ushahidi wa moja kwa moja. Damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa ilichukuliwa kabla hawajaugua surua na baada ya kupona, kisha zikapimwa kingamwili zao dhidi ya vijidudu vingi tofauti. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo. Wapo waliobaki na robo tu ya walichokuwa wamekijenga tangu kuzaliwa. Watoto waliopata chanjo hawakupoteza kitu.

Fikiria maana yake kwa mwanao. Katika miezi yake kumi na saba ameshapigana na vijidudu vingi. Kuhara kule, kikohozi kile, homa zile ulizokesha nazo, kila kimoja kilimwachia kumbukumbu. Surua ikipita, sehemu ya kumbukumbu hizo inakwenda, na njia ya kuzirudisha ni kukutana na wadudu hao upya, mmoja mmoja, au kuchanjwa tena. Ndiyo sababu watoto wengi wanaokufa kwa surua huuawa na nimonia au kuhara kunakofuata, na wengine hufa miezi baadaye, wakati hakuna tena anayeitaja surua.

Ukweli wa jirani kwamba bibi alipata kinga ya maisha ni wa yule aliyepona. Kabla chanjo haijaanza kutumika mwaka 1963 na kuenea, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba surua ilikuwa ikiua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka, wengi wao watoto. Mwaka 2023 bado waliokufa walikadiriwa kuzidi laki moja. Hao hawakukaa wakazeeka ili wasimulie jinsi ugonjwa wenyewe unavyotoa kinga nzuri.

Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinatosha kuziamsha seli B na seli T, zikagawanyika, zikaacha kumbukumbu, lakini hakiwezi kufanya ule uharibifu. Dozi moja hukinga watoto wapatao 93 kati ya 100, dozi mbili hufikisha 97. Hapa kuna jambo ambalo huwa halielezwi vizuri kliniki, na matokeo yake wazazi hudhani dozi ya pili ni nyongeza tu ya kujihakikishia. Mtoto ambaye dozi ya kwanza ilimshika, kwa kawaida ameshajikinga. Dozi ya pili ipo kwa ajili ya wale wachache ambao ya kwanza haikuwashika, mara nyingine kwa sababu bado walikuwa na kingamwili za mama zilizokizima kirusi cha chanjo kabla hakijafundisha lolote. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua yuko upande gani. Mwanao anaweza kuwa mmoja wa wale saba.

Na hata ile imani kwamba ugonjwa wenyewe daima hutoa kinga bora kuliko chanjo, kwa baadhi ya magonjwa si kweli hata kidogo. Aliyepona pepopunda hana kinga. Sumu ya bakteria wa pepopunda ni kali kiasi kwamba kipimo kinachotosha kuua mtu ni kidogo mno kwa kinga kukigundua. Mgonjwa akipona, na yeye huchanjwa kama mtu mwingine yeyote.

Nirudi kwenye vidonge vyako. Pua inayotiririka, homa, maumivu ya viungo, ule uchovu unaokulaza, sehemu kubwa yake huletwa na kinga yenyewe inapofanya kazi. Kama kungekuwa na kidonge kinachoipandisha kinga yote kwa jumla, ungeugua mafua vibaya zaidi. Kinga iliyozidi tunaijua: ni mzio, ni pumu, ni magonjwa ambayo mwili hujishambulia, kama kisukari cha utotoni ambamo seli T huua seli zinazotengeneza insulini. Neno "kuongeza kinga" kwenye chupa halisemi ni seli zipi zinaongezwa, dhidi ya mdudu gani. Vitamini C ikitumiwa kila siku haizuii mafua kwa watu wengi, hufupisha siku zake kidogo tu. Anayenufaika na vitamini ni mwenye upungufu wake. Ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A, siku mbili mfululizo, kwa sababu surua huimaliza, na ikipungua macho na mapafu yake yamo hatarini. Usingizi wa kutosha, chakula kamili na kuacha sigara vinasaidia kweli. Moshi wa sigara hulemaza vile vinyweleo vinavyosukuma ute. Chanjo ndiyo njia ya kuufundisha mwili kumtambua mdudu mmoja kwa jina bila kulipa gharama ya ugonjwa.

Ningekuwa na wasiwasi juu yako kama ungenieleza mambo ya namna nyingine: nimonia mara mbili ndani ya mwaka, majipu makubwa yanayorudi, utando mweupe mdomoni usioisha, mkanda wa jeshi ukiwa bado kijana, kuhara kwa zaidi ya mwezi, au kupungua uzito bila sababu. Hapo ningetaka upimwe VVU na sukari kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hizo ni sababu za kawaida za kinga kushuka kwa mtu mzima, na zote zina matibabu. Kwa mtoto ningeangalia pia kama anaongezeka uzito inavyotakiwa.

Kuhusu mtoto, dozi ya pili nchi nyingi huitoa kati ya miezi 15 na 18, kwa hiyo hujachelewa. Hata kama ungekuwa umechelewa mwaka mzima, angepewa tu, bila kuanza upya. Mafua mepesi si sababu ya kumrudisha nyumbani. Akiwa na homa kali, mwache apoe ndipo umpeleke. Nenda na kadi yake ya kliniki, na umwambie mhudumu kama amewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, au kama kuna ugonjwa unaoshusha kinga yake. Kati ya siku ya sita na ya kumi na mbili baadaye anaweza kupata homa kidogo na vipele vichache. Usiogope, haambukizi mtu. Siku hizo ndipo seli zake zinagawanyika ndani ya tezi, zile moja, mbili, nne, nane nilizokueleza.